MAKULI WALIGOMA KABLA YA TANU!

Muulize kijana yeyote kijiweni Manzese nani aliyeleta Uhuru wa Tanganyika. Atajibu kama kasuku: TANU, Julai 7, 1954. Muulize nani aliyemtikisa Mwingereza miaka saba kabla ya hapo, atakodoa macho. Si kosa lake, ndivyo alivyokaririshwa.

Sikiliza basi, kijana mwenzangu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Hawakuwa na digrii. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa, meli isipotia nanga hakuna ugali. Mgomo ukapanda treni, ukafuata Reli ya Kati stesheni kwa stesheni hadi bara. Mkoloni akanywea, malipo yakaongezwa. Februari 1950 wakagoma tena, wakapambana na polisi, na safari hii chama chao kikafutwa. Mambo hayo vitabuni yakitajwa, yanatajwa kwa mstari mmoja, halafu haraka haraka tunarudi kwa waheshimiwa!

Na akina mama je? Wakati serikali ya kikoloni imewapiga marufuku watumishi wake kuingia kwenye siasa, na wasomi wengi wameufyata, nani aliyejaza mikutano ya TANU? Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, aliingia chamani 1955 akawavuta wanawake wenzake kupitia vikundi vya ngoma na wapika pombe. Hao hawakuwa na kazi ya serikali ya kupoteza.

Sasa tazama shukrani waliyopewa walalahoi. Bendera ilipanda Desemba 9, 1961. Mwaka 1962, hata mwaka haujaisha, ikapitishwa sheria ya kuwabana wafanyakazi wasigome. Mwaka 1964 shirikisho lao, TFL, likavunjwa, ikaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake anateuliwa na Rais. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa nani? Waziri wa Kazi huyo huyo! Serikali ambayo ndiyo mwajiri mkubwa ikajiteulia na mtetezi wa mwajiriwa. (Ukicheka, cheka taratibu.)

Ndiyo maana historia hii haipigiwi ngoma. Machinga anayekimbizana na mgambo akijua kwamba kuli asiye na kitu alimlazimisha gavana kufungua mfuko, ataanza kuuliza maswali. Mtu aliyefundishwa kwamba Uhuru ni zawadi ya vigogo atakaa kusubiri zawadi nyingine, fulana na kofia kila miaka mitano.

Wazee walioyaona hayo wamebaki wachache mno. Nenda Ilala, nenda Magomeni, muulize bibi kadi ya TANU aliinunua kwa pesa ya biashara gani. Muulize mtoto wa kuli baba yake alikula nini siku zile za mgomo. Simu unayo mfukoni, mrekodi. Usingoje tanzia.