Gego Linapolegea Kabla ya Wakati

Mtoto anapolegea jino la mbele akiwa na miaka sita au saba, nyumbani hufurahiwa kwamba anakua. Lakini akilegea gego akiwa na miaka mitano, na shavu likaanza kuvimba, huko si kukua. Magego ya utoto hudondoka kwa kawaida kati ya miaka 9 na 12. Yakitangulia, huenda taya limeingiwa na saratani.

Saratani hiyo, limfoma ya Burkitt, ilijulikana kwa ulimwengu kutokea Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yao ilionesha kuwa ugonjwa hufuata nchi za joto na mvua, ambamo malaria imekithiri. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe huo. Watu wengi wanacho bila kudhurika. Hatari huzidi kwa mtoto anayeugua malaria mara kwa mara. Mitwero, kijiji cha pwani ya Lindi, kimo katika nchi za namna hiyo.

Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, hata ukaongezeka maradufu kwa siku chache. Hata hivyo, kasi hiyo ndiyo udhaifu wake, kwani dawa za saratani huziua hasa chembe zinazogawanyika upesi. Mtoto anayewahiwa aweza kupona pasipo kukatwa taya. Kumng'oa gego na kungoja hakumponyi, kunampotezea siku. Na kutoka Lindi hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 400.

Kwa hiyo somo la meno lisiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Wagonjwa wengi ni wadogo kuliko wanafunzi wa sekondari. Ni wadogo zao wa nyumbani. Mwanafunzi ajuaye umri wa kila jino aweza kutambua hatari kabla ya daktari, na kuwahimiza wazazi waende hospitali leo, si baada ya mavuno. Elimu isiyomfikia mtoto huyo ni ya kupasia mtihani tu.