Mafuta ya Tela la Jirani

Kila mwaka mvua zikikaribia, wakulima wa Magugu, Gallapo, Bonga na Dareda huingia Babati mjini kutafuta trekta la kukodi. Mazungumzo yote huwa juu ya bei ya eka. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mafuta yaliyomo ndani ya trekta hilo ni ya aina gani, au nani atakayeliunganisha na tela siku ya kubeba mahindi na mbaazi. Sisi twaona kwamba maswali haya ni mazito kuliko bei ya eka, na twapenda kueleza sababu.

Trekta dogo la nguvu za farasi 30 hadi 50, ambalo chama cha msingi au kikundi cha wakulima chaweza kulipata kwa mkopo, si injini na magurudumu tu. Tangu Harry Ferguson wa Ireland alipoanza kuuza, mwaka 1936, trekta lililoinua plau kwa nguvu za mafuta, pampu ya mafuta imekuwa ndiyo mikono ya trekta. Mafuta husukumwa katika silinda, na silinda huinua jembe, bero la mbele au tela la kubinuka. Upepo wa gurudumu la gari dogo ni kama psi 30. Ndani ya mipira ya mafuta ya trekta msukumo hufika psi 2,000 na kupita. Vali zinazoyaongoza mafuta hayo zimechongwa kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Chembe za vumbi zikipenya humo hukwaruza chuma, na chuma kilichokwaruzwa hakirudi kuwa kizima.

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyofanyika. Mara nyingi dereva hulipwa kwa eka au kwa safari, na utingo hupewa na dereva. Wote wawili wana haraka. Mpira uliolala mavumbini bila kifuniko huokotwa, hupanguswa kwa kiganja, hushindiliwa. Ukikataa kuingia, na hukataa kweli, kwa kuwa tela lililoshinda juani mafuta yake hupanuka na kuukaza mdomo wa kiungio, basi nyundo huitwa. Kiungio kilichopigwa nyundo huingia leo na kuvuja kesho.

Dawa yake huanza siku ya kufungua, wala haina gharama. Chombo kishushwe mpaka chini, injini izimwe, wenzo wa haidroliki upelekwe mbele na nyuma mara kadhaa ili msukumo ushuke. Ndipo mpira utolewe na mdomo wake ufunikwe. Siku ya kuunganisha, viungio vyote viwili, dume na jike, vipanguswe kwa kitambaa safi. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika matrekta madogo mengi, mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo yanayolainisha giaboksi. Tela la kuazima huja na mafuta yake ndani ya silinda. Likibinuliwa na kushushwa, mafuta hayo hurudi ndani ya trekta lako, pamoja na maji na uchafu wa matrekta yote yaliyolitangulia. Mjini kwetu tela moja huweza kuvutwa na matrekta matatu, manne, katika msimu mmoja. Kuazimana ni ujamaa mwema, hatuukatai. Lakini uchafu nao huazimwa, na giaboksi likifa hakuna jirani anayechangia deni la benki.

Hasara ya mali si kubwa kama hasara ya mtu. Kiungio kikiingia nusu, vali iliyo ndani yake yaweza kuyaachia mafuta ya kwenda na kuyazuia ya kurudi. Tela hupanda, humwaga mzigo, kisha hugoma kushuka. Kijana huingia chini yake na spana kutafuta ubaya ulipo. Kiungio kinaachia, nalo tela linamshukia. Asiingie mtu chini ya tela lililoinuliwa bila gogo au chuma cha kulizuia. Vivyo hivyo mpira wenye tundu dogo kama la sindano usipapaswe kwa mkono. Mafuta ya psi 2,000 hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda chake huonekana kidogo tu mwanzoni. Ni jeraha la kupelekwa hospitali saa ile ile, maana waliochelewa wamekatwa vidole na mikono. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi.

Nchi hii imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta mengi kwa ajili ya karanga, mengine yakiwa masazo ya vita. Mafundi wakawa wachache, spea hazikufika, na mwaka 1951 mpango ukazikwa. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, matrekta ya India yaliuzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT. Kisha yakaja ya URSUS kutoka Poland, yakiunganishwa Kibaha, na kampuni hiyo ikafilisika kwao mwaka 2021. Kila nchi huja na viungio vyake. Hata katika kipimo cha kimataifa cha ISO 7241, aina ya A haiingii katika aina ya B, ingawa kwa macho vyafanana.

Kwa hiyo twasema, halmashauri na vyama vya ushirika vinaponunua, aina ya kiungio iandikwe katika mkataba kama inavyoandikwa nguvu ya injini, na kitabu cha maelezo kije kwa Kiswahili. Shirika la Viwango lingetusaidia sana kwa kuchagua aina moja. VETA, na CAMARTEC iliyoko Arusha, wafikirie mafunzo ya siku mbili tatu kabla ya msimu, na wasiwaite madereva peke yao. Utingo ndiye ashikaye mpira. Mwenye trekta naye amlipe kijana huyo kwa muda wa kuunganisha, asione kwamba dakika hizo tano zimeibwa.

Na tela la kuazima lisitoke uani kabla mafuta yake hayajatazamwa na pande zote mbili. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, yamekwisha. Na hapo mwenye trekta ana haki ya kukataa, hata kama mwenye tela ni shemeji yake.