NAHODHA ASIKILIZWE KABLA YA MHASIBU

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya meli moja ya Marekani, ambayo habari zake ni funzo kwa kila nchi yenye bahari.

Mwezi Agosti 2025 Walinzi wa Pwani wa Marekani waliingiza kazini meli ya kuvunja barafu iitwayo Storis, waliyoinunua mwaka 2024 kwa dola milioni 125. Wasomaji wafahamu kuwa Storis si meli mpya. Ni ile Aiviq, iliyojengwa Louisiana mwaka 2012 ili kuihudumia kampuni ya mafuta ya Shell katika bahari ya kaskazini ya Alaska.

Kazi ya meli za namna hii ni ngumu. Hupeleka mafuta, chakula na mabomba kwenye mtambo wa kuchimbia, huvunja barafu inayoukaribia, na huutegea nanga na kuzing'oa. Mtambo wa Kulluk, ambao Aiviq iliuhudumia, ulishikwa na nanga 12. Mabaharia hufanya kazi hiyo kwenye sitaha ya nyuma iliyo chini karibu na maji, mawimbi yakiwapiga. Maji yakiganda juu ya meli huiongezea uzito, nayo barafu hiyo haina budi kugongwa na kuondolewa.

Tarehe 21 Desemba 2012, katikati ya majira ya dhoruba, Aiviq iliondoka Dutch Harbor ikiuvuta Kulluk kuelekea jimbo la Washington. Kulluk haukuwa na injini ya kujiendesha. Wakiwa njiani nahodha wa Aiviq alimwandikia msimamizi wa uvutaji kwamba safari ndefu kama ile, kwa njia ile na wakati ule wa mwaka, ingewaletea kipigo. Tarehe 27 kiungo cha chuma cha kuvutia kilikatika. Alfajiri iliyofuata injini zote nne za Aiviq zilizimika. Tarehe 29 helikopta ziliwaokoa watu 18 waliokuwa ndani ya Kulluk, na usiku wa tarehe 31 mtambo ulikwama ufukweni mwa kisiwa cha Sitkalidak. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Je, haraka ile ilikuwa ya nini? Taarifa ya Walinzi wa Pwani ya mwaka 2014 ilieleza kuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma safari ilikuwa kodi ya jimbo la Alaska, ambayo ingetozwa kama mtambo ungekuwapo huko tarehe 1 Januari. Mwaka 2015 bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilisema chanzo cha ajali ni kwamba Shell haikuipima vya kutosha hatari ya safari ile.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aiviq ilikuwa na nahodha mmoja majini na wengine ofisini, na wa ofisini ndio waliopanga tarehe. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unakataza mwenye meli au aliyeikodi kumzuia nahodha kuamua lililo la usalama. Lakini baharia anayeogopa kupoteza kazi ataitumiaje haki hiyo?

Swali hili si la Alaska peke yake. Meli za kuhudumia mitambo zilionekana katika bandari ya Mtwara wakati wa kutafuta gesi katika bahari kuu, na gesi hiyo itakapochimbwa zitarudi. Nashauri mikataba itakayoandikwa itamke wazi kwamba nahodha akisema bahari haifai, meli haitoki, wala yeye hatafukuzwa kwa kusema hivyo. Kodi hulipwa ikaisha. Mtu akizama harudi.

Msomaji wako,
Mtwara.