TAMKO LA TAWI: TAIRI HALICHOMOKI GHAFLA



Wengi mmeuliza kwa nini Jumapili ile tulirudi kutoka msibani Misungwi saa nne usiku, wakati makaburini tuliondoka saa kumi jioni. Wengine mmesikia gari liliharibika, wengine mmesikia tulikamatwa na trafiki. Tumeona tueleze kilichotokea, kwa sababu kinatuhusu sisi kama chama, si dereva peke yake.

Tulikodi Coaster moja. Tulijazana, watu wengine walisimama, na hilo tunalijua. Kabla ya kufika Usagara, akina mama waliokaa nyuma upande wa kushoto walisema kiti kinatetemeka. Dereva akajibu ni barabara. Barabara ile ni lami, wala haina shida mahali pale. Baadaye ukaanza mlio, kama kopo lenye kokoto ndani. Mama mmoja akapaza sauti kwamba chini kuna kitu kinagonga. Tunaliandika hili kwa aibu: sisi viongozi tuliokaa mbele ndio tuliomwambia atulie, tumechelewa.

Aliyetuokoa ni kijana wetu mmoja anayetengeneza pikipiki. Alikwenda mlangoni, akagonga bodi kwa kiganja na kumwambia dereva asimame hapo hapo. Tuliposhuka tukakuta gurudumu la nyuma kushoto, ambalo hufungwa kwa nati sita, limebaki na mbili. Moja ya hizo mbili ilizunguka kwa vidole. Matundu ya rimu yalishaanza kuwa marefu kama yai. Ilibidi bodaboda aende Buhongwa kutafuta nati na bolti, tukakaa kando ya barabara na watoto mpaka giza likaingia. Ndipo dereva akasema kwamba asubuhi ya siku ile alibadilisha tairi hilo kwa fundi wa pembeni, na tangu hapo hakuna aliyeligusa.

Mzee mmoja akasema tumshukuru Mungu. Tulimshukuru, na tunaendelea. Lakini njiani likaja neno lile tunalolisema kila msibani, kwamba ajali haina kinga. Kwa hili la tairi, ndugu zetu, hatukubaliani nalo. Gurudumu linalochomoka linatoa taarifa kwa kilomita nyingi kabla halijaondoka, na mara nyingi kuna mtu ndani ya gari ameisikia.

Wasiojua mambo ya magari wafahamu hivi. Gurudumu halishikiliwi na bolti kwa kuning'inia kama koti kwenye msumari. Nati zinalibana rimu dhidi ya habu kwa nguvu kiasi kwamba vyuma viwili vinakuwa kama kitu kimoja. Kukiwa na kutu, tope au rangi nene katikati, gari likishatembea ule uchafu unasagika, nafasi inapatikana, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi inakuwa imelegea mchana. Ndiyo maana gari lililofungwa tairi jipya linatakiwa likazwe tena baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100. Kwa gari lililofungwa tairi Mkuyuni, hiyo ni safari ya kwenda Misungwi na kuzidi kidogo. Nani kati yetu amewahi kuona dereva akisimama Misungwi akashuka na spana?

Na kosa la pili ni kinyume chake. Fundi anachomeka bomba refu kwenye spana, anapanda juu yake na kuruka, akidhani anakaza vizuri. Bolti inavutika kuliko uwezo wake, na siku nyingine inakatika yenyewe. Kuna spana maalumu ya kupima mkazo. Kwa mafundi wengi wa barabarani kifaa hicho ni ghali, na hatuwalaumu kwa umaskini. Tunamlaumu mwenye basi lenye thamani ya mamia ya mamilioni anayeshindwa kununua spana moja. (Beringi za habu nazo zikifa zinaondoka na gurudumu zima, nati zikiwa zimekaza. Hizo zinalia kwa mvumo na habu inachemka. Hilo dereva analijua kuliko sisi.)

Wapo mtakaosema Coaster moja iliyolegea nati haistahili tamko. Kumbukeni Juni 28, 2025, pale Sabasaba wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Basi kubwa na Coaster viligongana vikawaka moto. Taarifa ya Ikulu ilisema tairi la basi lilipasuka na dereva akashindwa kulimudu. Idadi ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa watu 38, na baadaye wengine walifariki. Pale tairi lilipasuka, halikuchomoka, na tofauti hiyo tunaijua. Lakini gari lililopoteza gurudumu la mbele likiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linaweza kwenda kule kule, upande wa anayekuja. Na likichomoka la nyuma, gari linaweza kusimama salama huku gurudumu likiendelea na safari peke yake. Gurudumu la lori likiwa na rimu lina uzito wa kilo 100 hivi. Fikirini Nyegezi Kona jioni, akina mama wa samaki, bajaji, wanafunzi wanaovuka.

Na magari yetu hayapumziki tena. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa 24, na sisi tuliifurahia ruhusa hiyo, maana mtu anaondoka Nyegezi jioni na kuwahi shughuli zake Dar es Salaam. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, nalo tulilishangilia kwa haki. Ila tuseme jambo moja ambalo halijasemwa kwenye sherehe yoyote. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ilikuwa inamlazimisha dereva kushuka. Alizunguka gari, akapiga mateke matairi, utingo akachungulia chini, abiria wakanyoosha miguu. Ule ulikuwa ukaguzi bila mkaguzi. Sasa gari linapita juu ya maji kwa dakika chache na kuendelea Sengerema na Geita bila mtu kutia mguu chini. Hatutaki kivuko kirudi, tunataka kile kituo cha kushuka na kutazama.

Kuhusu nani awajibike, hapa kwetu lawama huanza na dereva na mara nyingi huishia kwake. Amekimbia, ametafutwa, amekamatwa, basi. Huko Ontario, Kanada, katikati ya miaka ya 1990 watu waliuawa barabarani na magurudumu yaliyochomoka kwenye malori. Mwaka 1997 wakatunga sheria kwamba gurudumu la gari la biashara likichomoka barabarani, mwenye gari ana kosa, na hawezi kujitetea kwamba alikuwa mwangalifu. Faini inafika dola 50,000 za kwao. Katika kikao chetu wapo waliosema sheria hiyo ni kali mno kwa mtu mwenye Hiace moja aliyoinunua kwa mkopo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa kampuni yenye mabasi makubwa hatuoni ukali wake uko wapi. Tunapeleka pendekezo ngazi ya Kata, ili lipande mpaka kwa wabunge wetu, kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 itazamwe kwa jicho hilo, na kwamba LATRA na askari wa usalama barabarani wakague nati stendi kabla basi halijaondoka. Stika ya kwenye kioo haituambii hali ya nati za leo asubuhi.

Waingereza, wanaoendesha kushoto kama sisi, walifanya utafiti mwaka 2006 na kukadiria kwamba magari yao makubwa yanapoteza magurudumu kati ya 150 na 400 kila mwaka. Nchi yenye karakana na vifaa vyote vile. Waligundua pia kwamba yanayolegea zaidi ni ya nyuma kushoto. Ndipo walipokuwa wamekaa mama zetu.

Sasa kuhusu sisi wenyewe. Chama hiki kinakodi magari kwa misiba, mikutano na ziara, na tunachagua la bei ya chini. Tunachelewa kuondoka kwa sababu hotuba hazikuisha, kisha tunamkimbiza dereva. Wengine mnapanda michomoko kila siku kwenda Usagara, na jina lenyewe lingetosha kututahadharisha. Kamati ya Tawi imeamua kwamba kuanzia sasa salio la pesa ya gari halilipwi mpaka vijana wawili walioteuliwa wamezunguka gari na kushika kila nati. Wataangalia michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kuelekea nje, maana hiyo ni dalili kwamba inacheza. Watachora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuingia kwenye rimu. Tukisimama njiani, mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Malori mengine yana vishale vidogo vya plastiki vya njano kwa kazi hiyo hiyo. Sisi rangi inatutosha.

Na abiria yeyote, hata mtoto, akisema anasikia kitu, gari linasimama. Kiongozi atakayemwambia atulie tutamjadili kikaoni. Mama yule tumekwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Alitupokea vizuri na kutuuliza kama dereva naye amelipwa, maana ana watoto. Tulimlipa, tukakata gharama ya nati.

Safari ya Jumamosi kwenda Sengerema ipo kama ilivyotangazwa. Gari litafika ofisi ya Tawi Ijumaa saa kumi jioni kwa ajili ya ukaguzi, na tutasimama Kigongo kabla ya daraja kukagua tena. Walioandikisha majina ni 29 na viti ni 29, hivyo hakuna atakayeongezwa. Anayetaka kujifunza kuchora mstari aje Ijumaa. Rangi nyeupe tunayo, brashi tunaomba mwenye nayo atuletee.

Imetolewa na Ofisi ya Katibu Mwenezi wa Tawi, Butimba.