Likizo Haipimwi kwa Pasipoti

Muuguzi anaporejea wodini baada ya likizo ya mwaka, swali la kwanza la wenzake huwa ni moja: alikwenda wapi? Akitaja Dubai au Istanbul, wenzake husogea karibu na kuomba kuona picha. Akitaja Lushoto, au kwao Songea, aghalabu jibu lake huambatana na neno "tu". "Nilikuwa nyumbani tu." Neno hilo dogo limebeba hukumu kubwa, kwamba mapumziko ndani ya nchi ya mtu mwenyewe ni ya daraja la chini, mapumziko ya aliyekosa nauli ya ndege. Hukumu hiyo inafaa kuchunguzwa na watu wa afya kabla ya wengine wote, kwa kuwa inagusa uchovu wao, mifuko yao na usalama wa wagonjwa walio mikononi mwao.

Lugha ya Kiswahili haiungi mkono hukumu hiyo. Likizo hutokana na kitenzi kulikiza, yaani kuachilia au kumpa mtu ruhusa ya kuondoka, na kitenzi hichohicho husemwa kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Kiini cha maana ni kufunguliwa kutoka katika kilichomshika mtu. Ndani ya neno hilo hamna ndege, bahari wala mpaka. Aliyefunguliwa yuko likizoni hata akiwa amekaa barazani kwake, na asiyefunguliwa hayuko likizoni hata akiwa ufukweni mwa bahari ya mbali.

Wazo kwamba likizo ya kweli sharti ivuke bahari lina historia yake. Katika enzi ya ukoloni wa Kiingereza, ofisa wa serikali aliyetumikia Tanganyika alipewa, baada ya kipindi chake cha kazi, likizo ndefu ya kupanda meli na kurudi Uingereza. Waliobaki bandarini waliona meli ikiondoka na kujifunza kuwa mtu mkubwa hupumzika ng'ambo. Kilichosahaulika ni kwamba ofisa yule alikuwa anakwenda kwao. Kwa hiyo anayedharau likizo ya Songea kwa kuitamani ng'ambo anaiga safari ya mtu ambaye naye alikuwa anarudi nyumbani.

Sayansi ya mapumziko nayo imeuliza swali hili kwa namna yake. Mwaka 2007, wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomrejeshea mfanyakazi nguvu nje ya saa za kazi. La kwanza ni akili kuachana na kazi, yaani kutoiwaza wala kuishughulikia. La pili ni utulivu wa mwili na moyo. La tatu ni kujifunza au kumudu jambo jipya lisilohusu ajira. La nne ni mtu kuwa na amri juu ya muda wake mwenyewe. Katika manne hayo hakuna hata moja linalodai viza. Lakini pia hakuna linalopatikana kwa sababu tu mtu amepewa barua ya likizo.

Ushahidi mwingine uliochapishwa mwaka 2000 na Brooks Gump na Karen Matthews ulitokana na wanaume 12,338 wa Marekani, wa umri wa kati, waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo na waliofuatiliwa kwa miaka tisa. Waliochukua likizo za mwaka mara kwa mara walionekana kuwa na hatari ndogo ya kufariki kuliko wasiochukua. Matokeo ya namna hiyo husomwa kwa tahadhari, kwani huenda mwenye afya na kipato ndiye mwenye nafasi ya kupumzika. Hata hivyo yanawiana na jambo linalofahamika vyema, kwamba mwili unaoishi katika msongo bila kupumzishwa hulipia deni hilo kwa shinikizo la damu, usingizi mbovu na moyo uliochoka. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa faida ya likizo hufifia ndani ya wiki chache baada ya mtu kurudi kazini. Kutokana na hilo, likizo fupi zinazorudiwa zina maana kuliko safari moja kubwa inayongojwa kwa miaka mitano, na likizo za kurudiwa ni zile ambazo mtu anazimudu.

Hapo ndipo nchi ya mtu inapokuwa na nguvu. Daktari wa Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inaiunganisha Dar es Salaam na Morogoro na Dodoma, akawa chini ya milima ya Uluguru kabla ya mchana. Barabara ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na mbele kidogo, upande wa Udzungwa, kuna maporomoko ya Sanje yanayoanguka takriban mita 170. Nyanda za Kitulo, zinazoitwa Bustani ya Mungu, hujaa maua ya porini wakati wa masika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na michoro ya miambani ya Kondoa tangu mwaka 2006. Watalii huvuka mabara kuja kuviona vitu hivi kwa fedha nyingi za kigeni, ilhali raia huingia katika hifadhi za taifa kwa kiingilio cha shilingi kilicho chini mno ya kile cha mgeni. Kuviita vya mgeni "utalii" na vya mwenyeji "kutembeatembea tu" ni kujidharau bila sababu.

Hata hivyo, wanaosema likizo ya kweli iko mbali wana ukweli mmoja ambao hauwezi kupuuzwa. Umbali hukata kamba. Aliye Istanbul hawezi kuitwa azibe pengo la zamu ya usiku, wala shangazi hawezi kumtuma amsindikize hospitali ya rufaa. Aliye ndani ya nchi anafikiwa, na mtumishi wa afya anafikiwa kuliko wote. Akishuka tu kwenye basi kijijini, habari zimeshatangulia. Kesho yake barazani kuna foleni. Mmoja ana kikohozi cha mwezi mzima, mwingine ana vidonge asivyovijua, wa tatu anataka apimwe presha. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa muuguzi aliye likizoni methali hiyo hutimia neno kwa neno: wenyeji wanapona, na mgeni anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Kwa wanawake mzigo ni maradufu. Desemba, koo zinapokusanyika Kilimanjaro, Bukoba au kwingineko, mwanamke aliyefanya kazi ya zamu mwaka mzima hujikuta jikoni tangu alfajiri akiwapikia watu ishirini, huku kaka zake wakisemwa kuwa wamekuja kupumzika. Safari hiyo ina thamani yake, kwani kuwaona wazazi na kuzuru makaburi ya wazee ni wajibu na ni faraja. Lakini wajibu usihesabiwe kuwa mapumziko. Familia inayompenda binti yake itamgawia siku za kuwa mkamwana na siku za kuwa mgeni, na wanaume wa nyumba hiyo watashika mwiko na ndoo bila kungoja kuombwa.

Hivyo jibu la swali ni kwamba likizo ya ndani ya nchi ni likizo kamili, kwa masharti ambayo umbali uliyatimiza wenyewe na ambayo ukaribu unadai yatimizwe kwa makusudi. Kabla ya kuondoka, mtumishi hukabidhi wagonjwa na funguo kwa maandishi, ili asipigiwe simu kuulizwa kilichowekwa kabatini. Hujiondoa kwa muda katika makundi ya simu ya wodi. Akifika kijijini huwaelekeza wanaoumwa kwenye zahanati iliyo karibu, isipokuwa kwa dharura ya kweli, na kwa kufanya hivyo huwasaidia pia, kwa kuwa kikohozi cha mwezi mzima kinahitaji kupimwa kifua kikuu, kipimo kisichofanyika barazani. Na hutenga angalau siku chache za mahali ambapo hakuna anayemwita kwa cheo chake.

Lipo tishio jingine kwa likizo, nalo halina uhusiano na ndani wala nje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa kila mwaka. Wengi huzitumia siku hizo kufanya zamu katika zahanati nyingine ili kulipa ada za watoto. Hakuna haki ya kumlaumu mzazi kwa hilo. Ila ukweli wa kitabibu haubadiliki kwa sababu nia ni njema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu mkuu wa kazini kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga kimawazo na kazi, na kupungua kwa ufanisi. Mgonjwa hazioni alama hizo kwenye cheti cha daktari. Huziona katika jibu la ukali dirishani, katika dozi iliyohesabiwa vibaya saa tisa za usiku, na katika mkono uliosahau kuoshwa. Na yule anayekopa ili apigwe picha ng'ambo hayuko mbali na hali hiyo, kwani akirudi hufanya zamu za ziada kulipa mkopo, na utulivu aliounua humtoka kabla ya mwezi kuisha.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika mjadala huu. Wapo wenye kisukari, shinikizo la damu au selimundu wanaoamini kuwa ugonjwa umewafungia mlango wa safari, na wapo wanaosafiri kana kwamba ugonjwa nao umepewa likizo, wakaacha dawa nyumbani. Wote wawili wanakosea. Safari ya ndani inamfaa mgonjwa wa muda mrefu, maana lugha ni yake, dawa zake zinafahamika, na kituo cha afya kitamsikiliza bila mkalimani. Anachohitaji ni maandalizi. Abebe dawa za siku zote za safari na za akiba, pamoja na kadi yake ya kliniki. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, mbali na jua, wala si kwenye buti la basi. Katika safari ya saa nyingi, anywe maji na kutembea kila basi linaposimama. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu mguuni aonane kwanza na daktari. Mwenye selimundu asipungukiwe maji, ajikinge na baridi, na aelewe kuwa kupanda Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, si safari yake.

Malaria ndiyo inayowanasa wengi wanaodhani kuwa nyumbani hapana hatari. Aliyekulia Kigoma au Mtwara kisha akaishi Arusha miaka kumi amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo, na watoto wake waliozaliwa Arusha huenda hawakuwahi kuwa nayo. Wanapokwenda kwa babu huenda kama wageni mbele ya mbu. Chandarua chenye dawa kiwe miongoni mwa mizigo ya kwanza, na homa yoyote wakati wa safari au baada ya kurudi ipimwe mapema.

Baada ya yote hayo, lawama na sifa haziwezi kuishia kwa mtu mmoja mmoja. Mganga mfawidhi anayepanga ratiba ya likizo mwanzoni mwa mwaka, akaiheshimu, na akakataa kumwita kazini aliyeko Lushoto kwa sababu tu Lushoto ni karibu, anafanya kazi ya tiba sawa na anayehakikisha vifaa vimetakaswa. Daktari wa kliniki anayemwambia mgonjwa "pumzika" na kumuuliza pia atapumzikia wapi, na nani, na dawa zake zitakaaje, ameandika agizo linaloweza kutekelezwa. Na mwenzake muuguzi, atakapoambiwa "Nilikuwa nyumbani", amuulize swali lenye maana zaidi kuliko lile la mahali: je, ulilala?