Mche wa Bure, Mti wa Kibali

Kuna sentensi inayorudiwa katika semina, katika vikao vya tarafa na hata katika insha zetu sisi wanafunzi: wakulima hawapandi miti mashambani kwa sababu hawana uelewa. Ni sentensi ya starehe. Anayeitamka halazimiki kubadili kitu chochote ila kichwa cha mtu mwingine. Mimi naikataa, na ningependa wahadhiri wetu nao waikatae.

Chukueni Cyanzarwe, hapa wilayani Rubavu: udongo mweusi wa volkano, viazi, mahindi, na maharage yale yanayopanda juu. Maharage hayo hayazai yakilala chini. Yanataka fito, maelfu kwa maelfu katika hekta moja, na fito huoza, kwa hiyo hutafutwa tena na tena. Asiye na miti hununua, au hutumia mabua ya mabingobingo yanayovunjika kwa upepo, au huingia usiku katika shamba la jirani. Mama anayelima maharage haya anaijua thamani ya mti kuliko mtoa mada yeyote. Kumfundisha faida za miti ni kumwonyesha mvuvi wa Gisenyi Ziwa Kivu lilipo.

Basi kwa nini mashamba mengi yako wazi?

Sisemi kwamba serikali imelala. Mwaka 2011 Rwanda iliahidi mbele ya dunia kurejesha uoto katika hekta milioni 2 ifikapo 2020. Nchi yetu nzima ina kilomita za mraba 26,000 na kidogo, hivyo ahadi hiyo ni kama robo tatu ya nchi. Hakuna msitu wa serikali wenye ukubwa huo. Aliyeahidi alijua kwamba miti itasimama katika mashamba ya watu. Tuna mkakati wa taifa wa kilimo misitu wa mwaka 2018 hadi 2027. Miche hugawiwa bure, na umuganda wa msimu wa mvua huipanda. Haya ni mema na nayahesabu kuwa mema.

Lakini mkono mwingine wa serikali ileile unavuta upande wa pili. Tangu 2007 mpango wa kuongeza mazao umewataka wakulima waunganishe mashamba na kulima zao moja lililochaguliwa, msimu kwa msimu, na kuchanganya mazao kukaonekana kama ushamba. Mti ulio katikati ya mahindi hauna nafasi katika picha hiyo. Afisa aliyetumwa kuhesabu hekta za mahindi hana safu ya kuandika mgrevilea au alunusi. Mkulima anaambiwa na huyu panda mti, na yule safisha shamba. Naye humsikiliza aliye na mbegu na mbolea ya ruzuku. Huo si ujinga. Ni hesabu.

Halafu kuna kibali. Sheria ya misitu ya mwaka 2013 ilitaka ruhusa kabla ya kuvuna msitu, hata wa mtu binafsi. Nia ni nzuri, na anayejua yaliyoipata Gishwati hawezi kuicheka: msitu uliokuwa na karibu hekta 28,000 miaka ya 1970 ulibaki na mia chache tu mwanzoni mwa karne hii. Lakini mkulima mwenye miti kumi mpakani hajui msitu unaanzia mti wa ngapi. Mtoto akiumwa usiku, mbuzi huuzwa kesho yake asubuhi. Mti husubiri karatasi. Mali isiyouzika siku ya shida, nani ataiwekea akiba?

Niger ilipitia hayo. Chini ya sheria za kikoloni mti wa shambani ulihesabiwa wa dola, na wakulima waling'oa machipukizi kabla hayajawa mashahidi dhidi yao. Usimamizi ulipolegea tangu miaka ya 1980, wakulima wa Maradi na Zinder waliacha visiki vichipue, wakaotesha tena miti katika takriban hekta milioni 5. Hawakugawiwa miche. Walihakikishiwa mti ni wao.

La wapangaji linatajwa kidogo mno. Uandikishaji wa ardhi uliokamilika mwaka 2013 ulimpa mwenye shamba hati, jambo kubwa. Aliyekodi kipande kwa msimu mmoja wa viazi hana hati wala miaka. Ampandie nani alunusi? Na mwenye shamba anaweza kuuona mti wa mpangaji kama dai la umiliki.

Najua nitajibiwa kwamba kivuli hupunguza viazi. Ni kweli, na mikaratusi hufanya zaidi ya kivuli, hunyonya maji. Ndiyo maana uchaguzi wa mti na nafasi yake uachwe kwa anayelima. Alunusi hukatwa matawi, matawi yakawa fito, majani yakarudi kwenye udongo, na mizizi ikaushika mteremko. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 Magharibi na Kaskazini mwa nchi, na hapa Rubavu mto Sebeya ulibomoa nyumba. Miti peke yake isingezuia mvua ile. Lakini udongo uliokwenda na maji ulitoka mahali fulani.

Tuache basi kuhesabu miche iliyopandwa katika imihigo. Tuhesabu iliyo hai baada ya miaka mitatu. Mti uliopandwa shambani uvunwe kwa taarifa kwa mkuu wa kijiji, bila kibali. Mpango wa mazao uruhusu miti mipakani na katika matuta bila mkulima kukaripiwa. Na semina ijayo juu ya uelewa wa wakulima ifanyike Cyanzarwe wakati wa kupanda maharage, kila mshiriki aje na fito zake.