Kutoka Kikuubo Hadi Baharini: Safari Hupangwa Dukani

Wapo akina mama wa Kikuubo ambao kwa miaka ishirini wameuza chumvi, mchele, sabuni na vyombo vya nyumbani vilivyopitia Mombasa, ilhali wao wenyewe hawajapata kuitia bahari machoni. Kikuubo, kwa Kiganda, ni njia nyembamba, nalo jina hilo limeusadifu mtaa ule uliobanwa katikati ya Kampala, karibu na kituo cha zamani cha teksi. Wachukuzi hupenya na magunia yao wakipaza sauti "fasi, fasi!", neno la Kiswahili lililofika kule pamoja na bidhaa. Mzigo umeizoea barabara ya pwani. Mwenye mzigo hajaijua.

Si barabara ya jana. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikaingia Kampala mwaka 1931, na tangu hapo Kikuubo na bandari wamekuwa kama mtoto na titi. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoifunga njia hiyo mnamo Januari 2008, petroli iliadimika Kampala. Basi mama wa Kikuubo asemapo kwamba mwaka huu angependa kuwapakia watoto garini, aende nao Kenya na hata Tanzania kuitazama pwani kwa juma mbili, asichekwe. Ila tungependa aketi kwanza na daftari lake, kwa maana safari hii ikipangwa kwa ramani peke yake itakula mtaji.

Ramani hudanganya kwa uzuri wake. Mtu huona mstari mmoja uliolala kando ya bahari: Malindi, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, Mtwara, akaona ni vema aufuate wote. Lakini huyo hajaikumbuka safari ya kuufikia mstari wenyewe. Kampala hadi Mombasa ni takriban kilomita 1,150. Kwa gari lenye watoto, dereva akiwa ni baba mwenyewe, hizo ni siku tatu ikiwa hatatembea usiku. Na usiku asitembee hata kidogo, hasa mteremko wa Salgaa karibu na Nakuru, na barabara ya kutoka Nairobi kwenda Voi ambayo hujaa malori na mahali pengine hukatizwa na ndovu wa Tsavo. Siku tatu za kwenda na tatu za kurudi ni sita. Katika juma mbili zimebaki nane tu za bahari.

Siku nane hazitoshi kufika Mtwara. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350, na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya 550 nyingine, halafu kuna kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Mutukula pekee ni zaidi ya kilomita 1,400. Familia itakayong'ang'ania mstari mzima itaiona pwani kupitia kioo cha gari. Ushauri wetu ni kuchukua kipande cha Malindi hadi Tanga, ambacho chote ni takriban kilomita 300, na kukitembea polepole. Kusini iachwe kwa mwaka mwingine. Haitahama: magofu ya Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, yangali yanangoja, na tangu mwaka 2003 Daraja la Mkapa limeondoa adha ya kuvuka Rufiji kwa kivuko.

Sasa turudi dukani, kwa maana hapo ndipo penye jambo. Kikuubo si mahali pa kufunga mlango juma mbili na kubandika karatasi. Mteja wa Mbale au Masaka akikuta mlango umefungwa, atahamia duka la pili, na huenda asirudi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kushika duka, naye asipewe kazi hiyo asubuhi ya safari. Akae nawe mwezi mzima, ajue bei, ajue wateja, ajue nani huahidi na nani hulipa. Juma mbili kabla ya kuondoka acha kukopesha. Madeni yaliyomo daftarini yakusanywe, na bidhaa zihesabiwe kwa mikono miwili, wako na wa yule abakiye, nanyi nyote mtie sahihi. Hata akiwa ni mdogo wako wa tumbo moja. Tumeona undugu ukivunjika kwa katoni tatu za sabuni ambazo pengine hazikuibwa, zilikosewa tu kuhesabiwa.

Fedha ya safari nayo itolewe katika faida, itengwe mapema kidogo kidogo, na isilale pamoja na fedha ya kununulia bidhaa. Hapa ndipo wengi hunaswa na mwezi wenyewe. Januari ni mwezi mzuri wa pwani: upepo wa kaskazi unavuma, mvua zimekatika, barabara kavu. Tena haraka ya Krismasi imekwisha Kikuubo na shule za Uganda bado zimefungwa. Lakini Januari ndiyo iliyobeba ada za muhula wa kwanza. Mama asiyelipa ada kabla ya kuondoka atakaa ufukweni Malindi akihesabu noti kila jioni, na kila samaki atakayekaangwa atamwona kama daftari la shule. Alipe kwanza, stakabadhi aziweke kabatini. Kitakachobaki ndicho kitakachosema kama safari ni ya mwaka huu au la. Kama si ya mwaka huu, likizo ya Agosti nayo yafaa. Wakati huo ni wa kusi, bahari huchafuka kidogo, lakini joto limepungua.

Likizo ya Mei, kwa maoni yetu, ifutwe kabisa. Ni wakati wa masika, na masika ya pwani si manyunyu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga na kwingineko, abiria wakakwama njiani. Mwenye duka Kikuubo hana siku za kukwama.

Kuhusu hati tutasema machache, ingawa ndizo zinazorudisha watu mpakani. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda huweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na jambo hilo limewazoesha wengi vibaya, kwa sababu hudhani kitambulisho hicho kitawafikisha Tanga. Mkikusudia kuvuka Lunga Lunga kuingia Horohoro, kila mmoja awe na pasipoti, mtoto mchanga pia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi; kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani zilizoanza kutumika mwaka 2016, chanjo moja hutosha kwa maisha yote, basi aliyechanjwa zamani aitafute kadi yake, asichanjwe upya. Gari liwe na kadi yake halisi, na kama limeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, iwepo barua ya ruhusa. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inunuliwe Kampala kabla ya kuondoka. Inatambuliwa Kenya na Tanzania. Na mifuko ya plastiki, ile kavera iliyotapakaa Kikuubo, msiibebe. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na adhabu yake si ya mzaha. Mayai ya kuchemsha, karanga na chapati vitiwe katika kikapu au bakuli lenye kifuniko.

Jambo ambalo akina mama wa bara huwa hawaulizi, nasi twaliona kubwa kuliko yote yaliyotangulia, ni maji kujaa na kupwa. Ziwa Nalubaale, ambalo wengine huliita Victoria, halijai na kupwa kwa namna ambayo jicho laweza kuona. Mtoto aliyezoea ufuko wa Entebbe hujua kwamba mahali penye maji ya magoti asubuhi patakuwa na maji ya magoti jioni. Baharini sivyo. Katika mchana na usiku mmoja bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyokuwa salama Jumatatu si salama Ijumaa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hukimbia mbali mno, mwamba ukabaki mtupu, kisha hurejea. Mombasa tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo yaweza kupita mita 3, yaani kimo cha mlango na zaidi.

Hatari yenyewe haiji kwa wimbi kubwa. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza mbali na ufuko, watoto wakayakimbilia kuokota kome na kutazama samaki wadogo katika vidimbwi. Maji yanaporudi hayaanzii miguuni pao. Huanzia katika mkondo ulio nyuma yao, kati ya fungu na ufuko, kimyakimya. Mtoto ageukapo kurudi hukuta mto mahali alipopita kwa miguu mikavu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, mzazi amuulize mvuvi au mwenye nyumba ya wageni: leo maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi? Katika pwani ya Mombasa, siku za bamvua, kupwa huwa yapata saa nne asubuhi na kujaa huwa yapata saa kumi alasiri. Mtakaotoka kwenda mwambani mtoke maji yakiwa bado yanapwa, na mgeuke mara yanaposimama. Watoto wavae viatu vya raba, kwa maana katika mwamba huishi viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya unyayo.

Tumesema nyumba ya wageni, na hapo yafaa kugusia ulimi. Kiswahili kinachosikika mitaani Kampala wengi walikipokea kutoka kwa askari, nacho kina tabia ya kuamuru: leta, toa, kuja hapa. Mpwani akiambiwa "leta chai" na mtu ambaye hata hajamwamkia, ataileta, lakini atakuwa amekwisha kukupima. Anza na hujambo, mzee umwamkie shikamoo, kisha useme naomba. Bei ya samaki hushuka kwa njia hiyo kuliko kwa kubishana. Kanga mbili za kujitanda katika mji wa kale wa Mombasa hazina uzito mkobani.

Huko Malindi msiishie kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498. Magofu ya Gedi yapo karibu, yameingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024, na miti yake huwapa watoto kivuli. Kisha endeleeni kidogo kaskazini hadi Gongoni, mkaone mashamba ya chumvi: maji ya bahari yamefungiwa katika majaruba, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Mtoto wa Kikuubo aliyekua akikalia magunia ya chumvi anastahili kuliona jaruba kuliko nguzo. Hapo geukeni. Barabara ya kuendelea kutoka Garsen hadi Lamu imepatwa na mashambulizi miaka kadhaa, magari yakawa yanasindikizwa na askari. Si njia ya familia yenye haraka.

Kusini mwa Mombasa kuna kivuko cha Likoni, ambako abiria hushuka garini na kuvuka kwa miguu. Shikaneni mikono. Asiyependa msongamano huo azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Mkishafika Tanga na kupumzika, msirudi kwa njia mliyojia. Pandeni kwa Segera hadi Moshi, watoto wauone Kilimanjaro kama mawingu yataruhusu, kisha Arusha, Namanga na Nairobi.

Kuhusu shilingi, kumbukeni kwamba tangu mwaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake, jina ni moja na thamani ni tatu. Shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi 20 za Uganda, na mtu aliyezoea kutaja maelfu hudhani Mombasa kila kitu ni rahisi. Huko ndiko akina mama wa Kikuubo hupotelea, na mahali penyewe ni Mtaa wa Biashara, penye maduka ya kanga. Mfanyabiashara haangalii kanga kama mvaaji. Huangalia doti moja, akaona korija. Kabla ya kuingia mtaa huo amua ni doti ngapi, za nani na nani. Ukizidisha, hiyo si zawadi tena bali ni biashara, na afisa wa forodha Malaba ataona hivyo. Ipo hati nyepesi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, isiyozidi bidhaa za dola 2,000, lakini ni kwa vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kanga zilizofumwa India hazimo, hata kama maandishi yake ni ya Kiswahili.